Taa ya Nyuma

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi huku Bawshar, Maskati, hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima. Umeniuliza mbona, kwa baiskeli yako mpya huko Uholanzi, nimekuletea taa ya nyuma tu.

Nilipokuja Maskati kutoka Unguja, kabla ya mwaka wa sabini, nilikuwa kijana. Siku zile, ukitoka usiku mjini sheria ilitaka uchukue fanusi. Mimi yangu niliitundika mbele, kwenye usukani wa baiskeli, nikaona basi, nimemaliza. Gari likanipiga kwa nyuma, likanivunja mtulinga. Dereva akaapa hakuona taa yoyote. Nikamwita mwongo, na kumbe mgongo wangu mwenyewe ndio ulioiziba.

Nilipopona, mama akaifunga fanusi kwenye keria, nyuma ya kiti. Nikamuuliza, "Sasa mama, njia ntaionaje?"

"Njia unaijua," akanijibu. "Mwenye gari ndiye asiyejua kama upo."

Basi hiyo taa ifunge leo, usingoje kesho. Ya mbele utanunua mwenyewe.

Babu yako