Amina Niliyoisema Kilimambogo

Mama mpendwa,

Baridi ya Kinangop inawatendaje? Na goti lako, bado linakusumbua ukipalilia viazi? Hapa Ngoingwa tuko salama. Tata, dada yako, ananilea vizuri, ila anashangaa naweza kumaliza siku nzima bila kusema neno. Unajua nilivyo.

Mama, nikuambie mwenyewe kabla Tata hajakupigia simu. Jumamosi nilienda Kilimambogo na klabu ya mazingira ya shule. Askari wa mbuga alituonya kwamba mbogo akiwa peke yake ndiye mbaya. Tulipofika pale msitu unapoifunika njia, Mwalimu Kariuki, msimamizi wetu, akasema tuombe kwanza. Hata askari akavua kofia, akafumba macho.

Mimi sikufumba. Nilikuwa namtazama ndege mwenye mdomo mwekundu, ametua juu ya jiwe jeusi nyuma ya Mwalimu.

Kisha jiwe likatikisa sikio.

Mama, nilikauka. Mwalimu alikuwa ameombea viongozi wa nchi, akaja kwa wagonjwa, akaenda kwa wajane. Sasa nani hukatiza maombi? Hata kwetu chai hupoa tukingoja. Mbogo akainua pua. Askari alikuwa mbali, singeweza kumgusa. Mwalimu akavuta pumzi: "Na tena Baba, tunawakumbuka watahiniwa..."

"Amina!" nikasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Amina," wote wakaitikia, wakafumbua macho. Askari akafuata macho yangu.

"Hakuna kukimbia," akanong'ona. "Rudini kinyumenyume, mpaka nyuma ya ile miti."

Tulirudi hivyo, yeye mbele yetu na bunduki. Mbogo akakoroma, akapiga hatua moja kutufuata, akasimama. Halafu akageuka akaingia kichakani, matawi yakivunjika.

Njeri, tunayekaa naye dawati moja, alikuwa analia na kucheka. "Manze Shiru, kumbe una sauti! Na kwani unachungulianga watu wakiomba?"

Mwalimu hakucheka. Tulipofika getini akaniambia, "Siku nyingine tukiomba, wewe kaa macho wazi."

Tangu siku hiyo naota lile sikio, naamka nimelowa jasho. Na bado nataka kurudi, Mama. Klabu inaenda tena mwezi ujao, lakini Tata amesema bila neno lako siendi.

Msalimie Baba, na nyanya yangu Cucu, na ndugu yangu Kamau anayekamua ng'ombe badala yangu.

Ukikataa nitatii. Lakini wataomba tu, Mama, na sijui nani mwingine atathubutu kusema Amina.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka sana,
Shiru