Kiti Kipya cha Papa Bahati

Mama mupenzi,

Nimefika Keshero muzima, upepo wa ziwa unanipiga mashavu. Ila ule mufuko wa makala ya kupikia uliompa dada yako zawadi, umetutesa! Ulisahau bwana yake, Papa Bahati, ni mulinzi wa parc, ile mbuga ya gorila? Mama mudogo aliponiona nao mulangoni, akalia: "Mutoto, unataka wafukuze muzee kazi? Majirani watasema tunachoma miti ya gorila!" Nikamwambia ni mikaratusi yetu ya Masisi. Akajibu: "Makala hayana sura."

Yeye anapikia briketi, anazifinyanga mwenyewe kwa maganda ya ndizi na makaratasi ya nyumbani. Nilitupa ganda moja tu inje, nikagombezwa kama mwizi. Lakini maharagwe yake, Mama, ni matamu!

Mufuko tukauficha salon, pale wageni wanakaa, tukaufunika kitenge. Jioni Papa Bahati akarudi kutoka kazini Rumangabo, akaukalia. Makala yakaguna. Akapapasa kitenge, akatuangalia.

"Kiti kizuri. Nani amekileta?"

Nikasema: "Mama."

Mungu akulinde pamoja na mikaratusi yako. Papa Bahati anashukuru sana kwa kiti. Meza yake usitume.

Mutoto wako,
Furaha