Ukoo wa Konsolata

Mbarara

Mama yangu,

Shikamoo mama. Mgongo umepoa, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii hata kidogo. Mke wa mfanyabiashara aliyenipa chumba amechoka kuniona nikizunguka uani. "Nyabo," ndivyo mwanamke anavyoitwa kwa heshima huku, "kaa chini, kunywa chai." Nakaa, nainuka.

Uliniuliza masomo haya niliyoongeza baada ya shahada ni ya nini, kama si udaktari wala ualimu. Ni ushauri, mama. Wenye maradhi ya kurithi nawachorea ukoo wao, mwanamke duara, mwanamume mraba, niwaeleze ugonjwa unavyopita. Uamuzi ni wao. Kumwamulia mtu ni mwiko kwetu, na mwiko huo utanipasua kifua!

Chuo kimenipangia kambi ya wakimbizi, Nakivale. Huko yuko Konsolata, Mnyarwanda, mjamzito, na watoto wake wawili ni viziwi tangu kuzaliwa. Mama mkwe anataka kumrudisha kwa wazazi wake. "Kwetu hakuna kiziwi. Huyu ndiye ameleta." Nikauliza kama mume na mke ni ndugu. Wote wakakana. Nikachora nilichoambiwa, na mchoro haukunisaidia kitu.

Juzi mume akanifuata kituoni Rwekubo, karibu na kambi, nikisubiri gari la kurudi Mbarara. "Dada, sisi tulikudanganya. Wewe unauliza babu alizaliwa wapi, sisi tunaogopa. Kule tulikotoka watu walituuliza hivyo hivyo, halafu wakatufukuza, wakachukua ng'ombe. Konsolata ni mtoto ya mjomba yangu."

Weee! Nikageuka naye mbio hadi kwao, nikachora upya mavumbini. Kumbe mama mkwe ni shangazi yake Konsolata, kaka wa huyo mama ndiye aliyemzaa Konsolata! Nikamwambia, bibi, huenda jambo hili lilitoka kwa wazazi wako. Likapita kwa kaka yako likamfikia huyu, likapita kwako wewe likamfikia mwanao. Pande mbili zikikutana, mtoto anaweza kuzaliwa hasikii.

Aliuangalia sana mstari uliotoka kwake.

"Basi mimi nifukuze nani?"

Nilitaka kumwambia asimfukuze mtu, mama, lakini kumwamulia ni mwiko. Gari likapiga honi barabarani, nikaondoka. Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwambia aingie wala atoke.

Nisalimie baba, wifi na kichanga chake, na bibi mzaa baba, umwambie sijakonda. Alhamisi narudi Nakivale. Niombee nimkute.

Binti yako asiyetulia,
Zaituni