Wino Unaofutika

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ameniita ofisini kwake saa nne asubuhi. Nikajua tu. Mtu haambiwi "funga mlango, mama" kwa jambo la heri.

Wateja wamechoka na picha za kompyuta, anasema. Zinafanana zote. Sasa wanataka michoro ya mkono: mistari ya wino, kisha rangi ya maji juu yake, jengo lionekane kama mtu alikuwa anapita njiani akasimama akalichora. Nikamwambia mimi nachora kwa mkono huu mwaka wa ishirini na sita. Akasema ndiyo mama, unachora ramani za majengo. Hii ni picha.

Kwa hiyo kuna darasa, kila Jumatano jioni. Ijumaa ya tarehe 28 nitachora, yeye aangalie. Ikipendeza, meza yangu inabaki yangu. Isipopendeza, nahamia stoo ya majalada. "Kazi nyepesi, mama. Upumzike."

Upumzike! Nina miaka hamsini na mbili, sijawa marehemu.

Jumatano, 5 Machi

Siamini. Siamini kabisa.

Darasa liko juu ya duka la vioo. Meza ndefu moja, magazeti yametandazwa, kila mtu na makopo mawili: moja la kusuuzia brashi, jingine la maji safi. Tuko saba. Jirani yangu ni nesi mstaafu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Ndipo mwalimu akaingia.

Kijiti!

Jina hilo nilimpa mimi, kwa wembamba wake. Alikuja ofisini kwetu miaka tisa iliyopita kujifunza kazi, chini yangu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka ukisimama nyuma yake. Nami nilisimama nyuma yake kila siku, maana ukuta ukitetemeka kwenye ramani, fundi atajenga nini? Mwisho nikamchania karatasi mbele ya ofisi nzima, nikamwambia akatafute kazi isiyohitaji mkono. Alitoka saa ya chakula cha mchana, hakurudi tena. Sijajuta. Kazi ni kazi.

Leo kaniona, kasimama kidogo. "Shikamoo, madam." Nikaitika marahaba, kisha nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Aibu hiyo!

Tulichora birika. Langu lilikuwa birika hasa, hata kipini kina unene wake sawasawa. La nesi lilikuwa bata. Akasifiwa! Eti mstari wake una furaha. Kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa tu. Kwangu akasema: safi, lakini umelifunga kila mahali, acha mwanya hapa na hapa, rangi ipate pa kupita. Nikamjibu kwamba katika kazi yetu mstari usiofungwa ni kosa.

"Najua, madam. Nakumbuka."

Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ameuliza darasa lilikuwaje. Zuri. Mwalimu je? Mtu mmoja tu.

Sina la zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Amenichukulia rula. Mimi! Mtu mzima na heshima zangu, kaichukua akaiweka juu ya kabati kama anamnyang'anya mtoto manati. "Leo hakuna rula, madam. Jicho na mkono tu." Tuchore nyumba ya ng'ambo ya barabara, ile inayoonekana dirishani.

Kwanza akatuonyesha yeye. Mkono bado unatetemeka — nimeuona, haujapona. Ila sasa anauacha utetemeke. Mstari unakwenda, unakatika, unaanza tena pembeni kidogo, na ukiangalia ni bati, ni bati kweli, limekunjamana pale maji yanapomwagikia. Alisubiri wino ukauke, akachukua brashi pana, rangi nyingi maji mengi, akapitisha mara moja. Ukuta na kivuli chake pamoja, hakuinua mkono. Upande wa jua hakuugusa, akaacha karatasi nyeupe. Ilikuwa na hewa ndani yake ile picha. Nimeandika basi, sitarudia.

Yangu, kwa wino wa darasani, nilipaka vizuri, dirisha kwa dirisha, rangi haikuvuka mstari hata mahali pamoja. Mara tatu juu kwa juu. Akaja akainama. Akasema napaka kama mtu anayeogopa kukamatwa. Nesi akacheka mpaka akashika ubavu.

Mwisho akagawa chupa za wino, kila mtu yake, tukajizoeze nyumbani. Nikamwambia nina wangu, wa ofisini, siku zote natumia huo. Akaanza: "Madam, ule wa ofisini sidhani kama—" Nikamkata. Nikamwambia nilikuwa nashika wino yeye bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Akaiacha chupa mezani kwangu. Chupa yake nimeitumbukiza kwenye pipa la taka la duka la vioo.

Nimelala — hapana, nalala sasa, nikiwa nimenuna.

Jumamosi, 15 Machi

Mazoezi ya mistari siku nzima, kwa wino wangu. Rangi sina hapa nyumbani, ni mistari tu. Milango arobaini na kitu. Ishirini ya kwanza utadhani imechorwa na kuku. Baada ya hapo mkono ukachoka kubisha ukawa unafuata jicho.

Mume wangu alipita na kikombe chake. Akasimama. Akasema, "Huu mlango wetu huu." Sikumwambia kwamba ni mlango wetu. Ametambua mwenyewe, pale chini ulipovimba kwa mvua na unapokwaruza sakafu. Mtu huyu ramani zangu hajawahi kuzitazama mara mbili. Nikamfukuza aende akaangalie mpira wake. Nilifurahi, ndiyo. Sana tu.

Jumatano, 19 Machi

Nina hasira, na hapa nimeshakunywa maji glasi mbili.

Nilichora ngazi za duka la vioo, na vioo vyenyewe vimeegemezwa ukutani. Mstari bora niliowahi kuchora maishani. Nimeacha mianya, nimekata pale pa kukatwa, kila kitu. Kijiti alipita, akasimama. Nesi akasema, "Shoga, leo umetisha." Nikasubiri wino ukauke, nikasubiri tena kwa hakika. Nikachovya brashi, njano na kahawia kidogo, nikapitisha.

Mistari ikaondoka! Ikayeyuka mbele ya macho yangu. Weusi ukaingia kwenye njano, ukateremka ngazi zote, ukuta mzima ukawa maji ya kuoshea vyombo. Sekunde tano. Kazi ya saa nzima.

Nikasimama. Nilisema yote. Nilisema umetia kitu kwenye kopo langu. Nilisema miaka tisa ulikuwa unaingoja siku hii. Niliwaambia wale wengine mnajua huyu ni nani? Huyu alishindwa kazi, mimi ndiye niliyemfukuza, leo anajifanya mwalimu. Nesi brashi yake imeganda hewani, inadondosha bluu magazetini.

Kijiti akasema, "Madam, nipe hiyo chupa ya wino niione." Nikakataa. Kumpa ushahidi mwizi?

"Basi chukua vitu vyako. Kwa leo inatosha."

Amenifukuza. Mbele za watu! Nimeshuka zile ngazi nikiwa sizioni.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi, mezani kwangu ofisini. Nilikosea upana wa korido kwenye ramani. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta. Mstari ukatoka wote, safi, ile karatasi ya plastiki tunayochorea ramani ikabaki kama haijaguswa. Nimefanya hivyo labda mara elfu ishirini maishani mwangu.

Nikabaki nimekishika kile kitambaa.

Wino wetu unafutika kwa maji. Ndiyo maana tunaununua! Ukikosea unafuta, ramani haiharibiki. Ni jambo la kwanza analofundishwa kila anayeingia ofisi hii, na mwalimu wake ni mimi. Hata Kijiti nilimfundisha mimi. Kwa hiyo alijua. Ndilo alilotaka kuniambia Jumatano ile nikamkata kauli kwa mbwembwe za kamba za viatu.

Bosi akapita. "Vipi darasa, mama?" Linakwenda vizuri, bosi.

Mjinga mimi. Mjinga wa mwisho.

Jumatano, 26 Machi

Nilikwenda mapema, kabla ya wengine. Neno samahani nilikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi, nimelifanyia mazoezi hata bafuni.

Alikuwa anaosha makopo. Hakugeuka mwili mzima. "Habari."

Habari! Shikamoo imekwisha. Sawa, nimejitakia mwenyewe.

Nikamwambia, "Ule wino wetu unafutika."

"Najua. Ulinifundisha wewe."

Nikangoja anisaidie kidogo, aseme basi yamepita, kama watu wanavyosema. Akasuuza kopo. Akachukua jingine. Neno langu likakwama pale pale, na kadiri lilivyokwama ndivyo nilivyozidi kumchukia kwa kuniangalia likikwama. Kisha akaniambia, hivi hivi, kwa sauti ya kawaida:

"Bosi wako kanipigia simu. Ijumaa na mimi nimeitwa. Tutachora jengo moja, mimi na wewe. Meza ni moja."

Kumbe! Wiki tatu napelekwa shule na mtu anayengoja kukalia kiti changu. Nikamuuliza kama alikuwa ananifundisha ili nishindwe.

Akafuta mikono. "Nimekufundisha kila ninachokijua. Nusu yake hukutaka. Kazi sikuiomba, ila wakinipa naichukua. Nina watoto wawili, madam, na huku juu tunalipia pango."

Nikamwambia mimi pia sina shamba la kurudia. Tukabaki tunatazamana kama majogoo. Wengine walipoanza kupanda ngazi aliweka chupa ya wino mbele yangu, mpya. "Huu haufutiki." Nikaichukua. Asante sikusema. Nesi alikaa mwisho wa meza leo, mbali na mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Chumba cha mikutano, saa sita kasorobo. Naandika picha zikikauka. Wanadhani naandika maelezo ya kazi.

Tulianza saa tatu. Jengo la posta, lile la zamani, linaonekana vizuri kutoka dirisha la huku juu. Bosi alituwekea karatasi akaenda zake kwenye kikao, hakutuona tukichora. Zaidi ya saa mbili mimi na Kijiti, kila mtu na meza yake. Aliazima kifutio changu kwa ishara ya kidole. Nilimpa kwa ishara pia.

Yangu ni nzuri. Naisema bila kujipendelea. Mistari imesimama, wino haukuondoka, na ukuta wa jua nimeuacha mweupe, nikaung'ang'ania usiguswe. Mwezi uliopita nisingeweza. Wiki iliyopita nisingeweza.

Bosi karudi, akakuta zote mbili zimelazwa kwenye meza ya dirishani. Hatukutia sahihi. Akaziangalia, akajikuna kidevu, akazunguka upande wa pili, akaziangalia kinyume. Nikaona kabisa kwamba hajui ipi ni ya nani. Simu yake ikalia. Akiwa anatoka akasema: "Mama, wewe ndiye mkubwa wa wachoraji hapa. Nikimaliza hii simu uniambie ipi tuipeleke kwa mteja. Aliyeichora ndiye anabaki na hii kazi. Mimi jicho lako naliamini."

Heshima au ukatili, sijui. Pengine hata yeye hajui.

Yuko koridoni, anaongea na mtu kuhusu saruji.

Kijiti amekaa ng'ambo. Hakusema "madam, usinionee." Haziangalii picha. Anaiangalia mikono yangu, na mkono wake ameuficha chini ya meza, lakini bega linaonyesha unavyotetemeka. Ndivyo alivyokaa siku ile nilipomchania karatasi. Nilikuwa nimesahau kwamba alikaa hivi. Hapana, sikusahau, nilikataa kukumbuka.

Nikinyoosha kidole kwenye yangu, nani atajua? Sisi wawili tu. Na yeye hatasema. Namjua, ataondoka kama alivyoondoka.

Nimeinuka nimeziangalia tena, kwa karibu, kama ninavyokagua ramani kabla ya kutia muhuri. Natafuta kosa kwenye ya kwake. Natafuta kwa bidii, Mungu ananiona. Pale mlangoni pa posta rangi imevuka mstari kwa upana wa kidole, na hapo ndipo watu wanaonekana wanaingia. Hakuchora mtu hata mmoja. Wanaingia tu. Kwenye yangu mlango ni mlango.

Namchukia. Namchukia kwa wino, kwa rula, kwa ile shikamoo aliyoninyima. Stoo ya majalada haina dirisha, nimeshakwenda kuitazama.

Ya kwake ni nzuri kuliko yangu. Nimeandika hapa kwanza, nione kama mkono utakataa. Haukukataa. Mdomo ndio sijui.

Bosi amekata simu. Yuko mlangoni, anauliza: haya mama, ipi?