Umelitibu Tumbo la Shangazi

Bibi Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla mambo hayajaharibika zaidi, maana nasomea uuguzi, niko hatua ya kujifunza kumwona mgonjwa mimi mwenyewe na kumwandikia dawa, na wiki iliyopita shangazi aliyenilea alimleta mkaza mwanawe, yaani wifi yangu, kliniki ninakofanyia mazoezi, tumbo linamuuma, ila wifi hakufungua mdomo, nikiuliza limeanza lini anajibu shangazi, nikiuliza anakula vizuri anajibu shangazi, nilipouliza linauma wapi shangazi akajishika yeye mwenyewe juu ya kitovu akasema, "Hapa, kama moto, ni vidonda vya tumbo, hata mimi ninavyo," na nilipotaka wifi alale kitandani nimpapase akasema, "Muache, ana aibu, tuandikie dawa twende," nami nikaandika dawa ya vidonda, mkufunzi wangu akaamini maelezo yangu akatia sahihi, kisha nikamwona wifi anashuka ngazi amejikunja, mkono ameukandamiza chini kabisa, upande wa kulia. Jana nimesikia bado hali chakula. Wanarudi Alhamisi. Nikimwambia shangazi atoke nje ataona nimeota mapembe, na nikimwambia mkufunzi sikumpima mgonjwa atanirudisha nyuma. Nifanyeje?

*Muuguzi mwanafunzi*

Marahaba, ingawa leo naitikia shingo upande.

Barua yako nimesomewa mara mbili, maana mara ya kwanza niliikatiza kwa matusi. Mjukuu wangu, umelitibu tumbo la shangazi yako. Yeye ndiye aliyejishika, yeye ndiye anayewaka moto. Wifi yako kaondoka na maumivu yake kama alivyoyaleta, na juu yake umembebesha vidonge vya mtu mwingine.

Mimi darasa sikuliona, na ugonjwa wa huyo binti siujui. Lakini na wewe huujui, na hilo ndilo linalonichoma. Ugonjwa wa kwanza uliobisha hodi umeukaribisha kiti, hukuchungulia nje kama kuna mwingine nyuma yake. Hata mwezi wake ameuona lini hukuuliza. Ungeulizaje, mama mkwe kakodoa macho? Mimi nimezaa saba nikisemewa. "Huyu ana nguvu, yuko sawa." Siku niliyokaribia kufa, mkunga mmoja aliwafokea watu wote watoke, akaniuliza mimi. Ndiyo maana niko hapa nakugombeza.

Unaogopa kuota mapembe? Yaote. Shangazi mheshimu nyumbani. Ndani ya chumba kile, mkubwa ni mwenye tumbo.

Na Alhamisi isahau. Nimeagiza upigiwe simu kabla gazeti halijachapwa. Hapa narudia kwa ajili ya wengine wenye mashangazi. Leo hii mwendee mkufunzi, mwambie, "Sikumgusa." Akifoka, fokewa huku mnatembea kumfuata mgonjwa. Shangazi mwambie kila mgonjwa huonwa peke yake, akae benchi la nje. Funga mlango. Muulize wifi yako, kisha unyamaze mpaka ajibu, hata akichelewa. Umpapase kama ulivyofundishwa. Halafu wewe na mkufunzi tajeni kila kinachoweza kuwa kimejificha humo, mkianza na kile kinachoua.

Kurudishwa nyuma masomoni si msiba. Msiba unaujua.

Shangazi akinuna mpaka akakufungia nyumba, kwangu pana mkeka na blanketi. Njoo. Ila nikikufungulia mlango, kabla ya shikamoo, utaniambia wifi yako alikuonyesha wapi.