Nilichagua kwa Hiari Yangu

Shemeji yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila kutulia ndiko kulikonishinda. Kila baada ya mistari miwili nainuka, mara nifute meza, mara nichungulie dirishani kama ninayesubiri mgeni.

Mkoba wa zana za marehemu kaka yako bado uko nyuma ya mlango. Kitambaa cha tupa zake za kuchongea funguo kina vumbi la shaba, nimeshindwa kukikung'uta.

Nimepata habari kwamba kesi uliyoifungua kuhusu kaburi lake ni Jumatatu, na kwamba wakili hana wasiwasi, kwa kuwa katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa rangi yake. Nilimkumbuka kaka yako, alivyokuwa akinisomea ibara ile huku mimi nachambua mboga. Alisema sheria ni kufuli zuri, kazi ni kujua nani kashika ufunguo. Na kufuli la lango la makaburi ya juu alilitengeneza yeye. Alinitania kwamba siku yake ikifika hawatamzuia, maana ufunguo kauchonga mwenyewe.

Umeandika katika madai kwamba karani wa makaburi alitukatalia eneo la juu, tukapelekwa bondeni, nyuma ya ua wa michongoma, wanakozikwa watu wa rangi yetu tangu enzi za sheria ya zamani. Ndivyo nilivyokwambia. Lakini sikukwambia yote.

Asubuhi ile ulikuwa bado safarini. Karani hakunikatalia. Alinipa kiti, akaniita mama, akanipa pole. Akasema siku hizi sheria hairuhusu kumkatalia mtu, Mungu apishe mbali, ila ombi la eneo la juu hujadiliwa na kamati, na kamati itakaa baada ya wiki tatu. Bondeni ni leo leo. Nami nilikuwa nimetoka chumba cha maiti, walikoniambia jokofu limeharibika. Akanisogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: nimechagua eneo la bonde kwa hiari yangu. Nikatia saini, shemeji. Ulipofika nikaona aibu, nikasema tu wamekataa. Jumatatu karani ataitoa karatasi hiyo, nawe utaonekana mwongo mbele ya hakimu kwa ajili yangu.

Jana nilikwenda kung'oa majani kaburini. Karibu nami mshona nguo mmoja alikuwa akifagia kaburi la mamake. Nikamwuliza mbona alimzika huku kwenye maji. Akacheka kidogo, akasema dada, si nilichagua kwa hiari yangu. Maneno yale yale. Tukamwuliza mzee wa safu ya pili, naye alichagua. Hadi tunatoka tulikuwa saba, saba tuliopenda bonde linalotuama maji, na wote rangi moja.

Nakala yangu ya karatasi ile nimeitia humu kwenye bahasha. Mpe wakili kabla ya Jumatatu. Mshona nguo na yule mzee watakuja na zao. Mimi nitasimama niseme nilitia saini, na kwa nini. Ukinikasirikia una haki, ila usinizuie kusema.

Wasalimie watoto. Yule anayependa kufungua vitasa mwambie tupa ndogo ya baba yake mkubwa namwekea. Chini ya tupa hizo nimeukuta ufunguo wa lango la makaburi ya juu, umefungwa uzi. Nitakuja nao Jumatatu.

Ni mimi shemeji yako,
Mke wa Fundi Kufuli