Baba Yangu Anaitwa Rodah

Beldina uko? Aki nimekwisha.

Nimetoka intavyuu ya viza saa hii, ile ya video, hapa kwa kompyuta za saiba, Kericho.

Unakumbuka kwa fomu niliandika jina la baba ni Rodah? Sikufikiria mara mbili. Wewe umekula kwetu Boito tangu tukiwa watoto, unajua Rodah hakuzaa, akaoa mama yangu ili apate watoto na ng'ombe za mahari zikatolewa, vile Wakipsigis hufanya. Kwetu yeye ndiye baba.

Yule mama wa ubalozi akasoma akaniuliza, "Baba yako ni mwanamke?"

Nikasema ndio.

"Baba yako ni MWANAMKE?" Beldina, hakuwa anacheka! Ati nimedanganya serikali yao. Ati mtu akidanganya anafungiwa, asiombe tena. Akaniuliza, "Sasa mwanaume aliyekuzaa ni nani?"

Sijui! Kwetu hilo swali haliulizwi.

Wamenipa nafasi moja ya kurekebisha. Niandike "baba hajulikani", halafu mkubwa wa familia aape mbele ya wakili kwamba ni ukweli, na aweke sahihi.

Na mkubwa wa familia ni nani kama si Rodah?

Yuko hapa nje kwa benchi, amenishikia sweta. Ameniuliza kama wameuliza habari yake. Nimeogopa, nimemwambia wanataka tu sahihi ya baba.

Amefurahi, Beldina. Anatafuta biro kwa mkoba.